Nauvoo, Illinois: tulimpeleka mama, na wazee wanaojitolea pale nawapa nyota 5 kati ya 5

Sisi tunaishi Iowa City. Mama alikuja kutoka Pangani kututembelea, na kila wikiendi tulikuwa tunamzungusha madukani tu mpaka akachoka, akaniuliza mwanangu hivi huku hakuna mahali pa kale? Ndo tukaamua kwenda Nauvoo. Kwa gari ni kama saa mbili hivi, unapitia Fort Madison unavuka Mississippi kwenye lile daraja la chuma linalojizungusha meli zipite, halafu unaufuata mto.

Kwa wasiopajua, ni mji waliojenga Wamormoni, wafuasi wa kanisa alilolianzisha Joseph Smith huku Marekani, kuanzia 1839 baada ya kufukuzwa jimbo la Missouri. Palikuwa kinamasi kitupu. Mzee aliyetutembeza aliposema wengi walikufa mwanzoni kwa homa ya mbu, malaria hii hii yetu, mama akanishika mkono, "malaria? huku kwenye barafu?" Wakachimba mitaro wakakausha maji, na ndani ya miaka michache mji ulishapita watu 10,000. Zile nyumba zao za matofali zimekarabatiwa na kila moja kuna watu ndani wanakuonyesha kazi za zamani, mhunzi, fundi viatu, mwokaji, mchapaji. Bure. Hata kupanda gari la farasi ni bure, unachukua tiketi tu kwenye jengo la kupokelea wageni.

Ila mimi ninachotaka kusifia ni wale watu. Wengi ni wastaafu, mke na mume, wanahamia pale kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka, hakuna mshahara na gharama zao wanajilipia wenyewe. Bibi mmoja kwenye nyumba ya mwokaji, ile ya Scovil wanakopewa wageni biskuti ya tangawizi, alitueleza siku yake: anapangiwa nyumba, leo hapa kesho kwingine, kwahiyo lazima ajue hadithi ya kila nyumba, na jioni bado kuna mazoezi ya shoo. Amesimama siku nzima kwenye joto lile na gauni refu mpaka chini, na kila kundi likiingia anaanza upya kwa uchangamfu ule ule. Akamwangalia mama na mtandio wake, akagusa kofia yake ya kitambaa iliyofungwa kidevuni, wakacheka wote wawili bila mtu kutafsiri.

Halafu tukafika kwenye kamba jamani. Mzee ana kimashine cha mbao chenye ndoano, anafunga nyuzi, mtoto anazungusha mkono wa mashine, nyuzi zinajisokota mpaka zinakuwa kamba moja. Sasa mama amekua akisokota kamba za makumbi ya nazi toka utotoni. Akaomba zile nyuzi, akakaa kwenye benchi, akazisokota juu ya paja kwa kiganja, shwa shwa, kipande kama shibiri mbili kikatoka kimekaza vizuri tu. Yule mzee alisimamisha mashine yake akapiga goti kuangalia ile mikono, akaomba afundishwe, na akajaribu kweli, mara tatu, ya tatu ikakubali. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni hawakulalamika hata mmoja.

Sisi ni Waislamu na niliingia na wasiwasi wa kuhubiriwa. Mwisho wa kila nyumba wanakwambia imani yao, dakika moja mbili, unasikiliza kwa adabu basi, hakuna aliyetukamia. Na kwenye nyumba ya uchapaji nilimuuliza mzee kuhusu lile gazeti la wapinzani wa Joseph Smith, Nauvoo Expositor, lililotoka toleo moja tu Juni 1844 na mtambo wake ukavunjwa kwa amri ya baraza la mji. Alinijibu bila kuzunguka, kwamba ndiyo, walivunja, na kesi hiyo ndo ilimfikisha Smith jela ya Carthage, mji wa jirani, ambako kundi la watu wenye silaha lilimuua yeye na kaka yake Hyrum tarehe 27 Juni. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo.

Mambo ya kujua: nendeni na maji na kofia, Julai jua ni kali. Chakula kuleni kabla, mgahawa mmoja wa njiani (siutaji) ulituweka saa nzima kwa chipsi. Siku moja haitoshi. Kwa mhunzi watoto wanapewa pete ya msumari wa farasi, wangu hajaivua mpaka leo.

Na msiondoke bila kutembea Parley Street jioni, ndo barabara waliyoishika Wamormoni Februari 1846 walipoanza kuuhama mji, kuna vibao vyenye maneno ya shajara zao mpaka mtoni. Nilikuwa namsomea mama kimoja kimoja kwa Kiswahili. Tulipofika majini akakaa, akatoa kile kipande cha kamba kwenye mkoba, akaanza kukisokota tena ncha yake ambayo ilikuwa imelegea.