Shabu ya unga na chujio la mchanga: kijiko kimoja, lakini cha nini?

Chujio nililotengenezewa na fundi huku Goba ni pipa la lita 200 lenye kokoto chini, changarawe katikati na mchanga uliooshwa juu. Kwa maji ya bomba halikuwa na neno. Masika yalipoanza, bomba likakauka siku kadhaa na tukanunua maji ya boza yenye rangi ya chai ya maziwa. Yaliingia na tope na kutoka nalo. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno kuliko nafasi zilizo kati ya punje za mchanga, na kwa kuwa zote zina chaji hasi, husukumana, hazishikani wala hazizami.

Ndipo nikanunua shabu ya unga Kariakoo, yaani chumvi ya alumini inayozifanya chembe hizo zishikane na kuzama, nusu kilo, katika mfuko usio na maelekezo yoyote. "Kijiko cha chai kwa ndoo, dada, wala usiogope," alisema muuzaji. Nilifuata. Maji yalikuwa na ukakasi wa kukausha ulimi, na siku ya pili mchanga ukaziba kabisa.

Kiwango cha kawaida ni miligramu 10 hadi 50 kwa lita, yaani ndoo ya lita 20 haihitaji hata zaidi ya gramu moja, ilhali kijiko cha unga kina gramu kadhaa. Sasa nayeyusha gramu 100 katika lita moja ya maji, na kijiko cha chai cha maji hayo ndicho ninachotia kwenye ndoo. Nakoroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika kumi, mpaka mabonge mepesi kama pamba yaonekane. Baada ya saa moja yametuama, namimina maji ya juu kwenye chujio, nayo hutoka maangavu. Kumbe kijiko cha muuzaji kilikuwa sahihi, ila hakusema cha nini! Kwa kipimo hiki nusu kilo yatosha ndoo 1,000.

Bidhaa naisifu, mfuko usio na maandishi siusifu. Maji bado nayachemsha, kwa maana shabu haiui vijidudu vyote. Na mwenye kisima cha maji ya chumvi asiinunue kwa ajili hiyo, kwani chumvi iliyoyeyuka hupita kwenye shabu na mchanga kama ilivyokuja.