Kujenga mlimani Mwanza: kukata kilima au kufuata mteremko?

Njia ya kwanza ni kuchimba ubavu wa kilima hadi upate uwanja tambarare. Nyumba inakuwa rahisi kuchora, ila nyuma yake unabaki ukingo wa udongo unaodai ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji. Matundu yakiziba, maji ya mvua hujaa nyuma na kuusukuma. Ukuta hutuna tumbo kabla ya kuanguka.

Ya pili ni kujenga msingi kwa ngazi, sakafu ikishuka na ardhi. Nondo na siku za fundi zitaongezeka. Mimi nachagua hii, mradi kilele kiachiwe miti na mawe yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda vilima, kwa hiyo pitia ofisi ya mipango miji kabla sururu haijagusa ardhi.