Gia Imegoma Kutoka P: Kidude cha Elfu Ishirini na Tano Kilivyonikera, Kisha Kikanipa Jibu

Habari za saa hizi ndugu zangu, karibuni tena. Leo nawasha kamera nikiwa na hasira kidogo, mtanivumilia. Kioneni hiki. Kidude cha buluu, kidogo kama kiberiti, kinachomekwa chini ya dashibodi kisha kinaongea na simu kwa Bluetooth, kikusomee makosa ya gari. Elfu ishirini na tano, Kariakoo. Kampuni siitaji, maana kidude hikihiki kinauzwa kwa majina mengi na rangi nyingi, na ndani ni kilekile. Mimi nataka tukijadili chenyewe.

Juu ya boksi wameandika ELM327 toleo 1.5. ELM327 ni chipu, ule ubongo wa ndani ya kidude, na wenye nayo ni ELM Electronics wa Kanada, na hao kutoka familia ya 1.4 walirukia 2.0. Toleo la 1.5 hawakuwahi kulitoa. Kampuni yenyewe imefunga shughuli mwaka 2022. Kwa hiyo ukiona 1.5 jua umeshika nakala, hata kabla hujachomeka popote.

Mambo ya plagi ya gari kinapochomekwa kidude sitayarudia, tulishayamaliza kwenye video ya taa ya injini. Twende kwenye tatizo.

Gari ni hili nyuma yangu, Toyota Prius 20 ya dada yangu, ya mwaka 2007, gari la mafuta na umeme kwa pamoja. Wanaolifahamu wanajua leva yake ya gia ilivyo: kijiti kifupi kwenye dashibodi, pembeni ya usukani. Unakisukuma R ya kurudi nyuma au D ya kwenda mbele, ukikiachia kinarudi katikati chenyewe. P, ile ya kuegesha, haimo kwenye leva kabisa, ina kitufe chake. Ndani ya hiyo leva hakuna kebo inayokwenda kwenye gia boksi. Mkono wako unatuma ombi tu. Kompyuta inalisoma ombi, inaangalia kama umekanyaga breki, inaangalia kama gari liko READY, yaani limewaka na liko tayari kuondoka, ndipo inaamuru kimota kilichopo kwenye gia boksi kitoe kile kipande cha chuma kinachofunga magurudumu. Ombi likikataliwa, hata uivute leva mpaka jasho likutoke, gari halisogei.

Ndivyo ilivyokuwa juzi asubuhi. Dada kanipigia saa kumi na mbili na nusu, watoto wamo ndani ya gari na mabegi ya shule, gari limegoma kutoka P. Dashibodi imewaka taa kama duka la taa. Fundi wa jirani kaja, kavuta leva mara tatu, kasema leva imekufa na huenda gia boksi nayo imeguswa, andaa milioni mbili na nusu. Dada yangu anauza vitenge, jamani. Milioni mbili na nusu ni mtaji.

Nikaenda na kidude changu. Nikachomeka, nikafungua programu kwenye simu, nikabonyeza kusoma makosa. Ikanijibu: hakuna kosa lolote. Gari limewasha taa nyekundu, taa ya njano, alama ya mshangao, halafu kidude kinaniambia gari zima! Hapo ndipo nilipochemka.

Naomba mnielewe vizuri kwa nini kinafanya hivi, kwa sababu watu wengi wanaliwa pesa hapa. Vidude vya bei hii pamoja na programu za bure vinasoma yale makosa ya jumla ya injini, ambayo magari mengi ya kisasa huyatoa kwa lugha moja. Namba zake zinaanza na herufi P. Gari lina herufi nyingine tatu: B ya bodi, C ya chasi, na U ya mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Kwenye Prius 20, kompyuta inayosimamia ile P hutunza makosa yake kwenye C. Kuna moja maarufu sana kwa mafundi wa gari hizi, C2318, maana yake umeme umeshuka. Kidude hiki hakiingii kwenye chumba hicho. Kinabisha mlango wa injini, injini inajibu niko salama, nacho kinakuletea salamu hiyo kana kwamba ni ya nyumba nzima.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua video ya leo iwe ya dakika tatu: msinunue, kwaherini. Ila kabla sijakichomoa nikakumbuka kitu, na hiki ndicho nataka mkione kwa macho yenu. Sogea na kamera hapa. Sogea zaidi, waone kioo cha simu.

Baadhi ya programu za hivi vidude zina sehemu ya kuandika amri kwa mkono. Naandika hapa: A, T, nafasi, R, V. Natuma. Mnaona jibu? 11.6V. Basi. Hiyo ni volti ya betri ndogo ya gari, na hapa kidude hakijaiuliza kompyuta yoyote. Kinajipima chenyewe umeme unaokiingia kupitia pini namba 16 ya plagi, ambayo imeunganishwa na betri muda wote, gari liwe limewaka au limezimwa. Kwa hiyo hata gari likiwa limelala fofofo, kompyuta zote zimenyamaza, hii namba unaipata.

Sasa angalieni. Gari limelala, 11.6. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha inatakiwa ikupe kama 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 hiyo imeishiwa. Nabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki, dashibodi iwake tu. Natuma tena amri. 10.9. Mmeona ilivyodondoka? Hapo nimewasha taa za dashibodi na redio tu, sijafanya kazi yoyote. Nakanyaga breki, nabonyeza kuwasha. Sikilizeni... tak, tak, tak. Amri tena. 9.4. READY haikuja. Najaribu leva kwenye D: inalia, inakataa.

Narudia, maana hapa ndipo milioni mbili na nusu ilipokuwa inaondoka. Hili ni gari lenye betri kubwa ya volti 201.6 nyuma ya kiti. Mtu anaona betri kubwa kiasi hicho, hafikirii kwamba gia inaweza kushindwa kwa umeme. Lakini kompyuta zote, kimota cha P, na swichi zinazounganisha ile betri kubwa, vyote vinakula kwenye kabetri kadogo ka volti 12 kalikofichwa kwenye buti upande wa kulia. Injini haiwashwi na kale kabetri, kwa hiyo husikii ile sauti ya starta kuzubaa inayokuonya kwenye gari la kawaida. Kanakufa kimyakimya. Kakishuka mpaka kiwango fulani umeme unayumba, kompyuta zinapoteza fahamu, na ya kwanza kulalamika mara nyingi ni gia.

Nikaleta betri ya akiba. Kwa wenye Prius 20: buti lenyewe linafunguka kwa umeme, kwa hiyo betri ikifa buti halifunguki. Nenda kwenye boneti, fungua boksi la fyuzi, kuna kichwa chenye kifuniko chekundu. Chanya unaiweka pale, hasi kwenye chuma cha injini. Tafadhali sana msigeuze nyaya. Ukizigeuza unaunguza fyuzi kubwa, na unaweza kufika kwenye konveta, kile kifaa kinachochukua umeme wa betri kubwa na kulisha betri ndogo. Na zile nyaya za rangi ya chungwa msiziguse kabisa, kabisa, hizo ni za ile betri kubwa.

Tazameni sasa. Nyaya zimekaa. Breki, kitufe. READY hiyo! Amri: 13.9V. Sasa konveta ya gari inalisha betri ndogo, na namba ikiwa 13.8 na kuendelea gari likiwa READY unajua konveta ni nzima. Leva kwenye R... imeingia. D... imeingia. Kitufe cha P, mmesikia ule mlio mdogo kwa chini? Ndiyo kimota kinafunga. Leva haina shida hata chembe. Dada amebadilisha betri ndogo, ya zamani ilikuwa na miaka mitano.

Lipo jambo jingine na nalisema kwa uchungu. Kidude hiki nilimpa dada mimi mwenyewe mwezi uliopita aangalie matumizi ya mafuta, na kikabaki kimechomekwa wiki tatu kabla sijakichukua. Nimesema pini 16 ina umeme muda wote, sivyo? Kwa hiyo kilikuwa kinanyonya usiku na mchana kwenye betri ambayo tayari ni nzee. Siwezi kusema ndicho kilichoiua, ila hakikuisaidia. Kama unacho, kichomoe ukimaliza. Leo hii, ukitoka kwenye video hii.

Na usahihi wake? Nimekilinganisha na multimita, kile kipima umeme cha mafundi: kidude kinasema 11.6, multimita inasema 11.8. Kwa nakala siyo mbaya, ila linganisha chako kabla hujakiamini, kingine kinaweza kukudanganya nusu volti nzima.

Kuna watu mtaniandikia kwamba kwako volti ni nzuri na gia bado inagoma. Sawa. Cha pili ni taa za breki. Mwambie mtu asimame nyuma, wewe kanyaga. Zisipowaka, kompyuta nayo haijui kama umekanyaga, na haitatoa P. Swichi ya breki ni spea ya bei ndogo sana ukilinganisha na leva. Cha tatu, umemwagia nini dashibodi? Soda ya mtoto ikiingia kwenye leva ya namna hii inaleta balaa, kwa sababu ndani mna sensa zinazopima mkono wako umeelekea wapi, na kila moja ina mwenzake wa kuithibitisha. Hizo mbili zikitoa majibu yanayopishana, kompyuta haimwamini yeyote. Ila hapo kidude cha buluu kimefika mwisho wake. Unahitaji mashine inayosoma C na U na kukuonyesha volti za sensa ukiwa unaichezesha leva. Fundi akitaka kukuuzia leva, mwombe akuonyeshe hizo namba kwanza zikipishana. Ni haki yako.

Mtaniuliza nichukue kipi badala yake. OBDLink, kidude kingine cha kazi hiihii, ni kitu kingine kabisa, chipu yake si hii nakala, kinashika haraka na hakikatikikatiki, lakini bei yake unapata vidude vya buluu mfuko mzima. Kwa mtu mwenye gari moja mimi nasema hapana... au ngoja. Kama gari lako lina leva ya umeme na unakaa mbali na mafundi wenye mashine, nunua kizuri. Kwa aliyepo Dar, nunua multimita, hiki cha buluu kiwe cha ziada. Na wa iPhone, cha buluu cha Bluetooth cha kawaida hakitaunganika na simu yenu, tafuteni cha WiFi.

Nimeona pia wengi mnaandika kwamba leva za kurudi katikati zipigwe marufuku. Najua hofu inatoka wapi. Mwaka 2016 kampuni ya FCA, yaani Fiat Chrysler waliokuwa wanatengeneza Jeep, iliita magari yake zaidi ya milioni 1 duniani yarudi kurekebishwa, yakiwemo Jeep Grand Cherokee ya 2014 na 2015, kwa sababu leva ilikuwa inarudi katikati na madereva walishuka wakidhani wameweka P. Mwigizaji Anton Yelchin alifariki Juni mwaka huo baada ya Grand Cherokee yake kumbana kwenye njia ya nyumbani kwake, Los Angeles. Lile si jambo dogo. Lakini kwenye Jeep, P ilikuwa kwenye leva ileile unayoisukuma. Hii Prius imeitenga P ikaipa kitufe chake, na ukizima gari inajiweka P yenyewe. Mimi hii leva naipenda, nasema wazi. Ila tabia moja tuijenge wote: kabla mguu haujatoka kwenye breki, soma herufi kwenye dashibodi. Mkono usiuamini.

Mambo ya chaneli kwa haraka: Jumatano tuna Nissan Leaf yenye gia ya kibonge, na mwenye gari la umeme Arusha ambaye angependa tulipime, aandike hapo chini, mwezi ujao tutakuwa huko. Ambao hamjajiunga, jiungeni.

Dada ananiita, anataka kwenda dukani na gari lake. Mwangalieni... breki, kitufe, READY, D. Haya, huyoo anaondoka. Na kidude ninacho hapa mfukoni.