Chumba cha bei nafuu Santo Domingo: uliza inverta kabla ya kiyoyozi

Ukitaja Karibiani, wengi wanawaza hoteli kubwa za ufukweni ambako mgeni anavishwa bangili mkononi na hatoki getini hadi siku ya kuondoka. Mimi nilitaka mji wenye watu wake. Nilichagua Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, nikapanga chumba kwenye nyumba ndogo ya wageni katika Zona Colonial, mtaa wa kale uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1990. Nilikuwa nalipa chini ya dola 40 kwa usiku. Chumba nimekipenda, na nitaeleza kwa nini, maana mambo yaliyonifanya nilale vizuri hayakuwamo hata kidogo kwenye picha za tangazo.

La kwanza ni umeme. Umeme wa nchi ile unakatika. Mtaa wa watalii una nafuu kuliko mitaa mingine, lakini nao hausalimiki. Kwa hiyo nyumba nyingi zina inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri utumike nyumbani, na umeme ukiondoka taa zinaendelea kuwaka, feni inazunguka, intaneti inabaki hewani. Kiyoyozi ndicho kinachozimika, kwa sababu betri za nyumba ndogo kwa kawaida haziwezi kukibeba. Sasa fikiria: umelipa dola 15 zaidi kwa ajili ya kiyoyozi, umeme umekatika usiku, na chumba hakina feni ya darini kwa sababu mwenye nyumba aliona kiyoyozi kinatosha. Unalala kwenye joto kali huku mwenzako wa chumba cha bei ya chini anapepewa. Chumba changu kilikuwa cha feni tu, dari lake refu na kuta zake nene za mawe za zamani. Umeme ulipokatika nilijua tu kwa sababu mtaa mzima ulinyamaza.

La pili ni maji. Maji ya mji hayatoki kila saa, kwa hiyo nyumba inayojali wageni ina kisima cha kuhifadhia chini na simtanki juu ya paa, wenyewe wanaiita tinaco. Mwandikie mwenye nyumba swali moja tu: ¿Hay inversor y tinaco? Yaani, kuna inverta na simtanki? Akijibu haraka na kwa ufafanuzi, endelea naye. Akizungukazunguka, tafuta kwingine. Ya bombani usiyanywe. Wenyeji nao hunywa maji ya dumu kubwa la karibu lita 19 linaloitwa botellón. Nyumba niliyokaa iliweka dumu hilo koridoni na mgeni akajaza chupa yake bila malipo. Kwa joto lile, ni akiba kubwa kuliko punguzo lolote la bei ya chumba.

La tatu ni dirisha. Nyumba za kale za Zona Colonial zimejengwa kuzunguka ua wa ndani. Chukua chumba kinachotazama uani. Vinavyotazama barabarani vinapendeza kwenye picha, lakini mwisho wa wiki muziki wa baa na maduka unapiga hadi usiku wa manane. Vingine havina dirisha kabisa, kwa hiyo omba picha yenye dirisha lililo wazi. Uliza pia kama mtaa umechimbwa, kwa sababu ukarabati wa barabara na mabomba katika eneo hilo umechukua miaka, na hakuna raha ya kuburuta sanduku kwenye kifusi.

Kasoro ya nyumba yangu ilikuwa bafu. Maji ya moto yalikuwa ya kubahatisha na mlango wake haukufunga vizuri. Nililalamika, nikaahidiwa fundi, fundi hakuja. Kwa bei ile nilivumilia, lakini ningekuwa na mtoto mdogo ningehama.

Kama bei za Zona Colonial zinakushinda, angalia Ciudad Nueva, mtaa unaopakana nayo, wenye wakazi wa kawaida, na ukiwa pale unafika kila mahali kwa miguu. Gazcue nayo ina miti mingi na utulivu, ila usiku barabara zake ziko tupu mno kwa mtu anayetembea peke yake. Piantini na Naco ni za minara na maduka makubwa. Mwenye bajeti ndogo hana shughuli huko.

Chakula ndicho kilichonifurahisha kuliko yote. Tafuta comedor, mgahawa mdogo wa mchana, uagize plato del día. Utaletewa wanachokiita la bandera, yaani bendera: wali mweupe, maharage mekundu ya mchuzi, kuku au nyama ya kuchemsha yenye viungo, na kachumbari pembeni. Nililipa kati ya peso 250 na 350, na dola moja ilikuwa karibu peso 60. Nenda saa sita au saba mchana, maana ikifika saa tisa sufuria ziko chini. Na omba concón, ukoko wa wali, wanaumwagia maharage juu. Mimi niliyekua nikigombea ukoko na ndugu zangu Morogoro, nilikula nikiwa na furaha isiyoelezeka. Asubuhi kuna mangú, ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa, juu yake vitunguu vya siki, pembeni jibini la kukaanga, salami na yai. Ukila hiyo unasahau njaa hadi mchana.

Migahawa ya viwanjani, hasa karibu na Parque Colón, ni habari nyingine. Kwenye bili kuna kodi ya asilimia 18 na huduma ya asilimia 10 kwa mujibu wa sheria, na mara nyingi bei za kwenye menyu hazijajumlisha hayo. Sahani ya peso 800 inakuwa zaidi ya 1,000. Soma maandishi madogo chini ya menyu kabla hujaketi.

Usiku nilinunua vitu colmado, duka la mtaani ambalo ni kama kwa Mangi kabisa: unauziwa yai moja, mafuta kidogo, sabuni nusu, na mwenye duka anamjua kila mtu. Tofauti ni kwamba kuna muziki wa bachata kwa sauti ya juu na watu wanacheza domino nje. Nunua maji, matunda na mkate hapo.

Usafiri ni rahisi ukishauelewa. Metro ilifunguliwa 2009, ni safi na ya bei ya chini sana, unanunua kadi na kuijaza. Haiingii Zona Colonial, kwa hiyo unatembea au unapanda concho, gari dogo la njia maalumu linalobeba abiria wawili mbele pembeni ya dereva na wanne nyuma. Ukitaka kushuka unasema donde pueda, anakuweka panapowezekana. Kuna bodaboda pia, motoconcho, lakini kofia ya abiria ni nadra, mimi sikupanda. Jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi ni kupanda teleférico, magari ya kamba yanayopita angani, yaliyoanza 2018, yanayounganika na metro na kuvuka mto Ozama juu ya mitaa ya watu wa kawaida. Kwa nauli ndogo unaona jiji lilivyo kweli.

Kutoka uwanja wa ndege wa Las Américas, teksi rasmi ni karibu dola 40. Za kwenye simu, kama Uber, hushuka chini ya hapo.

Vya kutazama bila kuchomoa pesa vipo tele. Calle Las Damas, Panteón de la Patria, magofu ya hospitali ya San Nicolás de Bari iliyoanza 1503. Kwangu mimi Mwafrika kutembea pale kulikuwa na uzito wake. Waafrika waliokuwa watumwa kwenye shamba la miwa la Diego Colón, mtoto wa Columbus, waliasi mwishoni mwa 1521, si mbali na mji huo. Nilitamani vibao vya makumbusho viwape nafasi kubwa zaidi ya vinavyompa Diego, aliyekuwa gavana, na jumba lake.

Bahari ya mjini si ya kuogelea. Pwani ya Malecón, barabara ya kando ya bahari, ni mawe na maji machafu. Panda basi dogo kutoka Parque Enriquillo hadi ufukwe wa Boca Chica, kilomita 30 hivi, maji yake ni ya kina kifupi na yametulia. Kabla hujakalia kiti cha ufukweni uliza bei, na uliza tena kama ni ya siku nzima.

Simu usiitembeze mkononi kando ya barabara. Vibaka wa pikipiki wapo. Kwenye mashine ya pesa, ikikuuliza ukatwe kwa dola au peso, chagua peso.

Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji visa, isipokuwa ana visa hai au ukaazi wa Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen. Mimi niliingia kwa kadi ya ukaazi ya Marekani. Thibitisha na shirika la ndege kabla ya kulipa tiketi. Fomu ya e-ticket ya uhamiaji ni ya bure; tovuti inayokudai pesa kwa ajili yake si ya serikali, ifunge.