Uzoefu wangu na fundi wa ngoma za muheme, Dodoma

Nimesubiri hasira zipoe kabla ya kuandika, lakini hazijapoa. Kikundi chetu cha kina mama hapa Dodoma kiliagiza ngoma za muheme kwa fundi mmoja wa pembezoni mwa jiji, za kuchongwa kwa mkono kwa vipimo tulivyompa, na tukatanguliza nusu ya fedha. Alichelewa sana kuzikabidhi, jambo ambalo ninamsamehe kwa kuwa sijawahi kumwona fundi wa ngoma anayewahi. Nisichoweza kumsamehe ni ile ngoma ya kati.

Kwa asiyeijua, muheme ni ngoma ya Wagogo inayopigwa na wanawake. Mpigaji huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, hivyo kiuno cha mzinga ni lazima kiwe chembamba na mti usiwe mzito kupita kiasi. Hapo fundi alipatia. Hata hivyo, kiangazi kilipoanza, ngoma ya kati ikawa inatoa mkwaruzo kila kiganja kilipotua katikati ya ngozi, na mlio mzito uliopaswa kuvuma ukawa unakatika kama sauti ya mtu aliyekabwa koo. Tulidhani ngozi imelegea, tukaipasha kwenye moto wa nyasi kama ilivyo desturi. Ngozi ikakaza, mkwaruzo ukabaki palepale.

Ndipo nilipopitisha ukucha kwenye mzinga na kukuta ufa unaoshuka kutoka mdomoni hadi karibu na kiuno, umezibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha rangi ikapakwa juu yake. Mti ukichongwa ukiwa mbichi, nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, nao hupasuka. Dodoma mvua zake ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni upepo mkavu mtupu. Gundi gani ingestahimili? Rangi ile ilipakwa na fundi mwenyewe, kwa hiyo ufa aliuona.

Tuliirudisha tukiwa na bibi anayetuongoza, ambaye alianza kupiga muheme kabla fundi huyo hajazaliwa. Fundi hakuitazama ngoma hata kidogo. Alimwambia, "Bibi, ngoma haina shida, mikono yako ndiyo imechoka." Bibi hakumjibu. Aliivuta ngoma, akaibana, akaipiga pigo moja tu katikati, na karakana nzima ikausikia mkwaruzo. Vijana wa kazi wakacheka, sijui walimcheka nani. Fundi akasema tuongeze hela atuchongee nyingine. Tuongeze hela!

Nilikusudia kuishia hapo na kuwaonya watu wasikanyage kwake, ila haki ni haki. Ngoma kubwa aliyotuchongea, iliyowambwa ngozi ya ng'ombe, ina mlio ambao sijausikia kwa fundi mwingine yeyote: ukiipiga katikati unausikia kifuani kabla ya masikioni, na ukiipiga ukingoni inatoa mlio mkali, mkavu, usiomezwa hata na njuga za wachezaji. Zile ndogo za ngozi ya mbuzi nazo zinaijibu vizuri, kila moja kwa sauti yake. Kwa kazi hiyo peke yake ningemsifu popote, na hilo ndilo linalonizidishia hasira, kwa sababu mtu mwenye sikio la namna hiyo hawezi kudai kwamba hakuusikia mkwaruzo tuliousikia sote.

Kwa hiyo, mkitaka ngoma kubwa, agizeni kwake, lakini dai kuukagua mzinga ukiwa mtupu, kabla ya ngozi na kabla ya rangi, na akikataa mwondoke na fedha zenu. Au basi, msiende kabisa mpaka atakapomwomba bibi radhi.