Hedifoni zinazofuata kichwa: kwenye nyayo zimefaulu, kwenye pikipiki zimekwama

Kazi yangu ni kuchanganya sauti za michezo ya redio. Msikilizaji wa redio hana jukwaa la kutazama. Akisikia vishindo vya miguu vikitokea kushoto, vikazunguka mgongoni kwake na kukomea mlangoni upande wa kulia, chumba kizima kimekwisha kujengeka kichwani mwake. Ndiyo maana hedifoni huzipima kwanza kwa sauti inayotembea. Hiyo ikinishawishi, mengine tutaelewana.

Hizi ninazozieleza ni za kufunika sikio zima, na zina kihisi kinachofuata mwendo wa kichwa ili sauti ibaki mahali pake hata ukigeuka. Chapa siitaji, maana sifa na dosari zake nimezikuta katika hedifoni nyingi za aina hii. Mito yake ni laini, betri inatosha siku ya kazi, basi.

Nilianza na nyayo. Sauti iliyo kushoto hulifikia sikio la kushoto kwanza, na hata ikiwa ubavuni kabisa, sikio la pili hucheleweshwa kwa maikrosekunde kama 600 hadi 700 tu. Msikilizaji makini hutambua tofauti ya maikrosekunde 10 hivi. Katika shina la ubongo kuna seli za neva zinazolinganisha masikio mawili, baadhi zikishughulika na muda, nyingine na ukubwa wa sauti. Lakini sauti inapotembea mambo hunoga zaidi. Mwaka 1991 watafiti Spitzer na Semple walionyesha kwamba katika ubongo wa kati, jibu la seli nyingi hutegemea pia sauti ilikopitia kabla ya kufika ilipo. Sauti ikipita mahali palepale kwa njia mbili tofauti, seli ileile inaweza kuchachamaa safari moja na kupoa safari nyingine. Seli iliyokuwa kimya huipokea sauti kwa nguvu. Iliyokwisha kujibu sana hulegea.

Kwa sababu hiyo nilitengeneza nyayo za kwenda na kurudi, kushoto hadi kulia, kisha kulia hadi kushoto, kwa mwendo uleule. Hedifoni za kawaida huzipitisha nyayo katikati ya fuvu. Hizi zilizitoa nje kabisa, umbali wa mkono hivi, na njia ya kurudi ilifuata ya kwenda bila kupinda. Nilifurahi kweli. Dosari ilikuwa mbele ya uso, ambako mtembeaji alionekana kupanda kidogo, kana kwamba sakafu imeinuka. Mikunjo ya sikio la nje ndiyo inayotusaidia kujua juu na chini, na programu ya hedifoni hutumia vipimo vya masikio ya mtu mwingine. Nilizivumilia, kwa kuwa utafiti wa Hofman na wenzake wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watu waliobadilishiwa umbo la masikio kwa vibandiko walijifunza upya baada ya wiki kadhaa, tena bila kuyasahau masikio yao wenyewe. Kwangu pia sakafu imeendelea kushuka, ingawa haijanyooka yote.

Sehemu ya mgongoni ndiyo iliyonikonga moyo. Sauti ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa huyafikia masikio yote mawili kwa wakati mmoja, hivyo ubongo huchanganyikiwa kirahisi. Hans Wallach alieleza mwaka 1940 kwamba kuzungusha kichwa huondoa utata huo: ukigeuka kulia, sauti ya mbele huhamia kushoto, na ya nyuma huhamia kulia. Nikizima kihisi, mtu aliye nyuma yangu hurukia mbele mara kwa mara. Nikikiwasha na kugeuza kichwa kidogo tu, anatulia mgongoni, hadi nataka kumtazama.

Kisha nikapitisha pikipiki, kasi, kutoka kulia kwenda kushoto, huku nikigeuza kichwa kuifuata kama afanyavyo mtu yeyote barabarani. Hapo zilikwama. Sauti iliburutwa na kichwa changu kwa kitambo kifupi, halafu ikaruka kurudi ilipostahili kuwa. Bila kebo mruko ulikuwa mkubwa zaidi. Wengine watasema kosa dogo la mahali halisikiki kwenye sauti yenye kasi, na wana hoja: sauti mbili zilizotulia mbele yetu tunazitenganisha zikiachana pembe ya nyuzi 1 hivi, ilhali sauti inayotembea lazima ikate nyuzi kadhaa ndipo tujue inaelekea wapi, na kasi ikizidi, huhitaji zaidi. Mahali tunasamehe. Mruko hatusamehi, kwa sababu masikio yanasoma mfululizo, na mfululizo ukikatika pikipiki inageuka kuwa spika mbili.

Bundi ana jibu zuri la tatizo hili. Knudsen na Konishi waligundua mwaka 1978 kwamba katika ubongo wake wa kati mna ramani ya mahali sauti zinapotoka. Mwaka 2006 Witten, Bergan na Knudsen wakaonyesha kwamba ramani hiyo husogea kuilaki sauti inayokuja, hivyo ucheleweshaji wa neva hufidiwa na ndege huelekea pale sauti itakapokuwa. Natamani programu ya hedifoni hizi ikisie hivyohivyo mwendo wa kichwa, badala ya kuukimbiza kwa nyuma.

Programu hiyo ina pia kitelezi cha kubadilisha mlio wa chombo kinapopita, ule mshuko alioueleza Doppler mwaka 1842. Kimewekwa vibaya: mlio unashuka ghafla kama ngazi. Chombo kikipita mbali na msikilizaji, mlio hushuka polepole. Kikimkwaruza ndipo hushuka kwa ghafla. Nimekizima na kuuchora mshuko kwa mkono.

Kwa mazungumzo ya chumbani, nyayo na milango, nazipendekeza bila kusita, kihisi kikiwa kimewashwa. Kwa vyombo vya mwendo kasi, chomeka kebo, tuliza kichwa, kisha uhakikishe mchanganyo wako kwa hedifoni zisizo na kihisi, kwa kuwa wasikilizaji wengi watakuwa nazo hizo.