Kitako Kilichopindia Upande wa Mwingine: Bunduki za Watu wa Mkono wa Kushoto

Kwa miezi minne nilikuwa nikirudi kutoka kulenga visahani vinavyorushwa hewani huko Njoro nikiwa na alama ya zambarau chini ya jicho la kushoto, hata muuzaji wa duka moja la dawa mjini Nakuru, aliponipimia dawa ya kuchua kwa mara ya tatu, aliinama juu ya kaunta akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Nyumbani kulikuwa na amani tele. Aliyekuwa akinipiga ni bunduki yangu mwenyewe, bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyopandana, niliyoinunua ikiwa imetumika kidogo kwa fedha ambazo zingenipatia mitamba miwili ya Friesian na chenji ya kununua chumvi ya kuwalambisha.

Jina la aliyeitengeneza sitalitaja, kwa sababu bunduki yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, na mimi ni mashoto tangu siku ile mwalimu wa darasa la kwanza alipoanza kunichapa vidole kwa kushika kalamu vibaya. Nilipomwambia muuzaji jambo hilo, alicheka akasema, "Mama, bunduki ni kama kijiko, utazoea." Nilimwamini. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yeyote atakayeambiwa maneno hayo hayo.

Mambo ambayo kila mtu hukuuliza, kama vile geji, yaani upana wa tundu la mtutu, urefu wa mtutu na kiasi mdomo wake ulivyobanwa, nayaruka, kwa kuwa hayabagui mkono. Hata lile ambalo wenzetu wa kushoto hulilalamikia zaidi, la maganda kurushwa upande wa kulia na kupita mbele ya uso wa mpigaji, halistahili kelele zote zinazopigwa. Ganda hulioni likipita ukiwa umekaza macho kwenye kisahani, na miwani ambayo ungepaswa kuivaa kwa vyovyote hukukinga na chembe za baruti. Kasoro inayokula fedha zako kimyakimya ni mpindo wa kitako, ile sehemu ya nyuma ya bunduki inayoegemezwa begani, na sijapata kumwona muuzaji anayeutaja pasipo kuulizwa.

Kwanza, hata hivyo, hakikisha jicho lako. Nyosha mikono yote miwili, kutanisha viganja viache kitundu kidogo, kitazame kupitia hapo kitu kilicho mbali, mathalani mlingoti ulio ukingoni mwa shamba, kisha fumba jicho la kulia. Ikiwa mlingoti umebaki ndani ya kitundu, jicho linalotawala ni la kushoto. Ukitoweka, ni la kulia. Wapo watu wanaoandika kwa mkono wa kulia huku wakitawaliwa na jicho la kushoto, na hao pia huenda wakafaa kujifunza kupiga kutoka bega la kushoto, jambo ambalo ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye bado hajanunua chochote.

Sasa kitako. Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo hicho, na shavu linapokaa juu ya kitako ndipo mahali pa jicho panapoamuliwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi, hasa wa Ulaya, hukipinda kitako kidogo kuelekea kulia, ili jicho la mtu wa kulia lisimame sawasawa juu ya ukanda ulio mgongoni mwa mtutu. Mpindo huo ni wa milimita chache tu, kwa kawaida kama tatu kwenye ncha ya juu ya kitako, ambayo nitaiita kisigino, na kama sita kwenye ncha ya chini, ambayo nitaiita kidole. Mtu wa kulia hatauhisi maisha yake yote. Wewe wa kushoto, unayeegemeza shavu upande wa pili wa mbao, unasukumiwa kitako usoni kila bunduki inaporudi nyuma, kidole cha kitako kinachimba kifua badala ya kukaa begani, na jicho lako linabaki kulia mwa ukanda.

Nilivyoligundua hilo ni aibu kidogo. Jioni moja, baada ya kuifungua bunduki na kuchungulia mitutu yote miwili kuhakikisha kwamba ni mitupu, nilisimama mbele ya kioo cha kabati la nguo, nikaipandisha begani macho yakiwa yamefumbwa, kisha nikayafumbua. Mboni ya jicho langu haikuwa juu ya ushanga wa shaba ulio kwenye ncha ya mtutu. Ilikuwa imechungulia pembeni, kama mtoto anayemwangalia mgeni kutoka nyuma ya mlango. Nilichukua uzi mweusi wa cherehani, nikaufunga kwenye ushanga, nikauvuta katikati ya ukanda mpaka nyuma ya kitako, nikapima kwa rula ya shule: milimita 5 kwenye kisigino na 9 kwenye kidole, zote kuelekea kulia. Jicho, kwa kadiri nilivyoweza kukisia kwenye kioo, lilikuwa limehama milimita 8.

Milimita 8 zinasikika kama mzaha mpaka uzipigie hesabu. Kutoka jichoni hadi kwenye ushanga ni kama mita moja, kwa hiyo kosa hilo huongezeka milimita 8 kwa kila mita inayofuata, na kisahani kikiwa umbali wa mita 30 marisau yanapita karibu sentimita 23 kulia mwa mahali ulipotazama. Kisahani chenyewe kina kipenyo cha sentimita 11. Marisau hutawanyika, ni kweli, na duara linalotumiwa kupimia mtawanyiko kwa umbali wa mita 36 lina upana wa sentimita 76, yaani 38 kutoka katikati hadi ukingoni. Basi nilikuwa nikivipiga visahani vyangu kwa pindo la kanga badala ya mji wake. Nilivivunja baadhi, na hivyo vichache vilivyovunjika ndivyo vilivyonidanganya kwamba tatizo ni mimi.

Ninasisitiza upimaji huu ufanyike dukani kwa sababu ya jinsi mambo yetu yalivyo. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, cheti hutolewa kwa mtu na kwa silaha mahususi yenye namba yake, si ruhusa ya jumla ya kuwa na bunduki yoyote utakayoipenda. Ukigundua kosa baada ya makaratasi kukamilika, huwezi kuirudisha kama viatu vilivyobana. Unaanza upya safari ya Bodi ya Leseni za Silaha, na bunduki uliyoichoka inabaki kwenye sefu ikikutazama. Beba uzi mfukoni. Muuzaji akikukatalia kupima, umeshajua unachohitaji kujua juu yake.

Katika bunduki za marisau zinazotufaa sisi wa kushoto, nafasi ya kwanza naipa Beretta, na sijifichi kwamba naipendelea. Kampuni hiyo ya Gardone Val Trompia, Italia, imekuwa ikitengeneza mitutu tangu 1526, lakini si umri ulionivutia. Bunduki yake ya mitutu iliyopandana, 686 Silver Pigeon I, hupatikana ikiwa na kitako kilichopindwa kuelekea kushoto tangu kiwandani, na kizuizi chake cha usalama kiko juu, nyuma ya mitutu, mahali ambapo kidole gumba cha mkono wowote hukifikia. Siku nilipoipandisha begani kwa mara ya kwanza, ushanga ulikuwa pale pale penye jicho kabla sijautafuta. Kasoro yake ni wenzo wa kufungulia, ambao bado husukumwa kuelekea kulia, na gumba la kushoto huona taabu kidogo. Hilo, nakiri, nimelizoea, ingawa neno lenyewe sasa linanichukiza.

Ukitaka bunduki inayojipakia yenyewe, bado nitakuelekeza kwa Beretta, kwenye A400, ambayo huja na vipande vyembamba vinavyopachikwa kati ya kitako na mwili wa bunduki ili kugeuza mpindo upande unaoutaka. Kazi hiyo humalizika kabla chai haijapoa. Waulize kama vipande hivyo vimo ndani ya sanduku, maana kwenye bunduki zilizotumika ndivyo vinavyopotea kwanza.

Nafasi ya pili ni ya Benelli M2 ya mkono wa kushoto, iliyogeuzwa kwelikweli: tundu la kutolea maganda na mpini wa kukokea viko upande wa kushoto, na vipande vya kugeuza mpindo vipo pia. Ningeiweka sawa na ile ya kwanza kama ingekuwa rahisi kuiona kabla ya kuilipia. Sijapata kuikuta dukani, ni ya kuagiza tu. Watu wa Urbino walioianzisha kampuni ya Benelli mwaka 1967 leo wamo ndani ya ukoo uleule wa Beretta, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nimegeuka.

Ya tatu ni Ithaca 37, bunduki ya Marekani ya kuvuta na kusukuma, ambayo hupakiwa na kutoa maganda kwa chini. Haijui kulia wala kushoto isipokuwa kwenye kizuizi cha usalama. Ukiikuta katika hali nzuri, ipime kwa uzi na uichukue.

Kuhusu za bei nafuu sina maneno mengi. Mossberg 500 ina kizuizi juu ya mgongo na kitako kilichonyooka, na ipo hata ya kushoto kamili. Baikal ya mtutu mmoja kutoka Urusi inafaa kufukuzia kunguru. Zote mbili zitakuhudumia, na shavu lako halitapasuka.

Ninachokuonya kwa nguvu zote ni zile bunduki za Kiingereza za mitutu iliyokaa ubavu kwa ubavu, zilizobaki katika nyumba za zamani kuanzia Solai hadi Molo tangu enzi za walowezi. Ni nzuri mno, nakshi zake zinang'aa, na anayekuuzia atakusimulia habari za babu wa babu wa mwenye nyumba. Lakini nyingi zilipimwa kwa mwili wa mtu mmoja, kama koti la fundi cherehani, na mtu huyo alikuwa na mabega yake, shingo yake na mkono wake. Fundi mwenye leseni anaweza kukipasha moto kitako cha mbao kwa mafuta ya kitani na kukipinda upya, na kazi hiyo ikifanywa vyema hudumu. Ikifanywa vibaya mbao hupasuka shingoni, au hurudi polepole ilikotoka. Usilipe kwa kutegemea matengenezo ambayo bado hayajafanyika.

Raifali nitazipitia kwa ufupi, kwa kuwa uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 1977 na wengi wetu tunaolenga kwa raifali tunatoboa karatasi tu. Hapa kila mtu huzungumzia komeo, kile chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kukoka, na ni kweli kwamba komeo la kulia humlazimisha mtu wa kushoto kupitisha mkono juu ya bunduki au kuiachia kila anapokoka. Tazama vilevile uvimbe wa shavu uliochongwa ubavuni mwa kitako: ukiwa upande wa kushoto wa mbao, umechongwa kwa ajili ya shavu la mtu wa kulia, na wako unabaki ukielea. Tikka T3x ya kushoto, kutoka Finland, hugeuza vyote viwili, komeo na kitako, na ndiyo ninayoipendekeza. Sako wanaoitengeneza walinunuliwa na kampuni mama ya Beretta mwaka 2000, jambo ambalo naapa nililijua baada ya kuichagua. Savage na Ruger nao wana za kushoto kwa fedha pungufu.

Kilichobaki ni malalamiko, na ninayo. Mtu mmoja katika kila kumi hivi ni wa mkono wa kushoto, lakini katika maduka matatu niliyoyazunguka Nairobi sikukuta hata bunduki moja ya marisau iliyopindwa kwa ajili yetu. La kwanza waliniambia niagize na kulipa nusu mapema. La pili waliniongezea bei, eti ni bidhaa maalumu, na nilipouliza umaalumu wake ni upi ikiwa mbao ni zilezile na chuma ni kilekile, kijana aliyekuwa akinihudumia alimwita mwenye duka, na mwenye duka akasema kwamba watu wa kushoto ni wachache. La tatu waliniletea bunduki yenye kitako kilichonyooka wakaiita ya kushoto. Niliutoa uzi wangu mfukoni, na mazungumzo yakaisha. Hatimaye nililirudia duka la kwanza, nikaagiza, na kwenye hati ya oda nikaandika kwa mkono wangu, huu huu wa kushoto, upande wa mpindo na vipimo vyake vya kisigino na kidole, nikamwomba muuzaji atie sahihi chini yake. Alitia sahihi huku akiniangalia kama mtu aliyeombwa kuapa juu ya kilo ya sukari.

Ile bunduki ya kwanza ilimwendea jirani mmoja wa Rongai, kwa idhini ya Bodi na kwa bei iliyoniuma. Ni mtu wa mkono wa kulia. Jumamosi ya kwanza alipoileta uwanjani alivunja visahani 19 kati ya 25, akaja kunishukuru, kisha akaniuliza ni nini hasa kilichonifanya niiuze bunduki nzuri namna ile.